Bidoni ya Kasiksi

Shangazi yangu aliponiambia kwamba mtumbwi wake wa kukamulia ndizi sasa ni chombo cha kunyweshea mbuzi, sikumpa pole. Nilikasirika. Nilikuwa jikoni kwangu Uvira, simu nimeibana begani, mkono unageuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mafuta, nikamwambia, "Hao mbuzi watafutie chombo kingine. Minye, mimi mwenyewe, ninakuja."

"Unakuja kufanya nini?"

"Kunywa."

Akakata simu. Shangazi hukata simu akikosa la kusema, na kwa kuwa hakosi la kusema, nilijua mambo yameharibika.

Huyu ni dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Anaishi mteremkoni chini ya Mulenge, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, na kazi yake tangu nimjue ni kasiksi, pombe ya ndizi na mtama wa kukaanga. Wageni wanaopita na magari ya mashirika huiita divai. Huinusa, hufumba macho, halafu husema ina ladha ya hiki na kile. Sisi hatufumbi macho. Huku kwetu watu wanaogopa karuho, sumu ya kutiliwa kwenye kinywaji, kwa hiyo anayekumiminia pombe anakunywa yeye kwanza, mbele yako, na wewe unatazama koromeo lake likipanda na kushuka. Si matusi. Ni adabu tu, sawa na kumpa mtu kiti. Mama mkwe anaonja kabla ya kumpa mkwe wake, padri anaonjewa, na ukipewa kikombe ambacho mwenyewe hakukionja, unakumbuka ghafla kwamba una safari.

Mwaka mmoja kabla ya simu ile, mteja wake mkubwa, jirani wa siku nyingi, alianguka uani kwa shangazi kikombe kikiwa mkononi. Walimbeba mpaka hospitali, akalazwa majuma kadhaa, akafariki. Daktari alisema ni ini, tena ini lililokuwa limeharibika zamani. Lakini ini nani aliliona? Kikombe ndicho walichokiona. Watu wakawa na swali moja tu: mara ya mwisho alikunywa kwa nani? Hakuna aliyemshtaki shangazi, wala hakuna aliyekuja kumpigia kelele mlangoni. Waliacha tu kunywa. Huyu alikuwa kwenye dawa za minyoo, yule ameokoka tangu Jumapili, mwingine tumbo. Kijiji kizima kiliumwa tumbo. Shangazi alikuwa akionja kikombe kizima mbele yao, anafuta mdomo, anamimina kingine, nao wanasema aksanti mama, labda kesho.

Sasa alitaka kufunga kazi aje kukaa kwangu. Aliniambia atanisaidia kuchambua mchele wa resto yangu, hapo ninapopikia watu karibu na ziwa. Mwanamke aliyenisomesha kwa kasiksi aje kuchambua mchele! Chumba nilikuwa nacho, na hata kitanda changu ningempa. Lakini nilimjua. Angekaa kwenye kiti karibu na mlango, kimya, na kule mlimani migomba yake ingebaki na jina la mulozi, la mchawi. Nilisema hapana. Kama ni kuhama, atahama siku akichoka na kilima, si kwa kufukuzwa na matumbo ya watu.

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumaliza maneno yale, mjane wa marehemu. Baada ya mazishi alishuka kwa kaka yake Kavimvira, mlangoni mwa Uvira, karibu na mpaka wa Burundi, na tangu hapo hakusema lolote. Hakumtetea shangazi, hakumlaumu. Shangazi alikuwa akiniambia, "Angenitukana tu, ningejua pa kusimama." Kule mlimani ukimya wa mjane ulisikika kuliko maneno ya wengine wote. Mpango wangu ulikuwa mfupi: shangazi atengeneze kasiksi, tuishushe mpaka Kavimvira, mjane anywe. Akinywa, habari itatangulia kufika Mulenge kabla yetu. Akikataa, basi, nitabeba vyombo vya shangazi mimi mwenyewe, aje kukaa kwangu.

Alibisha sana. Nilimpigia kila jioni nikimtajia Jumamosi, mpaka akaosha mtumbwi.

Miaka hii ukitaka kupanda barabara ya bonde la Ruzizi unawauliza kwanza waliotoka huko asubuhi. Niliwauliza, wakasema iko shwari, nikajaza mafuta na kuondoka. Nilijidanganya kwamba ninakwenda pia kutafuta vyakula vya resto, maharage ya mlimani, mchele wa Luberizi, na ile jibini wanayoitengeneza wafugaji wa juu. Nilifika kwa shangazi jioni, gari limejaa vumbi na mgongo wangu umekufa. Alinipa viazi vitamu na mashanza, maziwa yaliyoganda mpaka unayakata kwa kijiko, akaniangalia nikila. Kasiksi ilikuwa tayari kwenye bidoni, dumu la njano, imefungwa kwa kipande cha mgomba, imewekwa pembeni ya mlango. Hakuniambia nionje, nami sikuuliza.

Asubuhi tuliteremka. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kufunga kilemba vizuri, na bidoni akaikumbatia kati ya miguu. Nilimwambia tuiweke nyuma na maharage. Akasema, "Nyuma kuna mawe ya barabara. Hapa kuna miguu yangu." Basi tukaenda hivyo, gari likiruka, yeye akiishika bidoni kwa magoti, na kila shimo akilihesabu kuwa kosa langu.

Chini ya mlima kulikuwa na bariyeri, kamba tu na mwanajeshi mmoja kijana. Alichungulia ndani akaona bidoni, uso ukachangamka, akaingiza mkono.

"Mama, iko nini humo?"

"Kasiksi," shangazi akasema.

"Ya wapi?"

Shangazi akataja kijiji chake. Yule kijana akarudisha mkono. Sijui kama alikuwa wa kule au alisikia tu kwa wenzake, ila alishusha kamba haraka na kutuambia, "Pitani tu, pitani." Tangu nianze kuendesha gari, ile ndiyo bariyeri pekee niliyopita bila kutoa kitu. Nilitaka kucheka. Nilipomgeukia shangazi, alikuwa anatazama dirishani, nikaumia moyoni mpaka nikashindwa kubadilisha gia.

"Limenitangulia mpaka huku," akasema.

Hakuhitaji kusema ni jina gani.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba hatutangoja Kavimvira. Nilijiambia, huko Luberizi nina mama zangu wa mchele, wanawake ninaonunua kwao miaka yote. Hawamjui shangazi, hawajui marehemu. Wakinywa wao, shangazi atafika kwa mjane akiwa amekwisha kuona watu wakinywa kutoka mkononi mwake. Atapata nguvu. Nilikuwa na uhakika kabisa, na mimi nikiwa na uhakika huwa sisikii la mtu.

Tuliwakuta kando ya mashamba, wamekaa kwenye turubai, mpunga umeanikwa, sufuria ya wali mpya iko motoni. Wali wa mchele uliokobolewa jana unanukia tofauti, ukiula unaona ule wa dukani ni karatasi. Walitupakulia na mchicha wa lengalenga na samaki wadogo wa mtoni, tukala kwa mkono, na shangazi akaanza kuongea. Aliwauliza maji wanayafungulia lini, ng'ombe wa jirani wanawazuiaje. Alikuwa amerudi kuwa yeye. Nami nikaona saa imefika. Nikakimbia garini, nikaleta bidoni, nikaomba vikombe.

Nilimimina cha kwanza. Na kwa furaha yangu, kwa kutaka kuwaonyesha jinsi ninavyoiamini, nikakiinua mimi na kukinywa chote. Nilimeza haraka kama dawa, hata ladha sikuisikia. Kisha nikamimina vingine nikavigawa, nikisema, "Kunyweni, hii ni ya shangazi yangu huyu, hakuna kama yeye mlima mzima."

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

Mmoja wao, mkubwa wao, akauliza kwa upole, "Ni yeye aliitengeneza?"

"Ni yeye."

"Na weye ndiye unamuonjea?"

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Pombe ya mtu huonjwa na mwenyewe. Ukiona mwingine ametangulizwa kuionja, maana yake mwenyewe anaiogopa. Kwa kikombe kimoja nilikuwa nimewaambia wanawake wa Luberizi jambo ambalo kijiji cha shangazi kilikuwa kinalinong'ona mwaka mzima. Nikamtazama shangazi. Bado angeweza kunyoosha mkono, achukue kikombe, aonje, ayamalize. Hakukigusa. Alikaa wima na kunawa mikono, kidole kimoja kimoja, na yule mkubwa akasema ana shinikizo la damu, daktari amemkataza. Mwingine naye akakumbuka mpunga wake unataka kugeuzwa. Vikombe vilibaki kwenye turubai, nzi wakaanza kuvijia. Nilivimwaga mwenyewe kwenye nyasi, nikapakia mchele, tukaondoka.

Tukafika Sange, mji mdogo wa njiani. Sange nilisimama kwa sababu pale kuna mishikaki ya mbuzi ambayo sijawahi kuipita bila kusimama, na kwa sababu nilikuwa nashindwa kuendesha huku nikilia. Tulikaa kwenye benchi. Hasira haijawahi kumzuia shangazi kula. Alikula mshikaki, akala na ndizi ya kuchoma, akachovya pilipili, akafuta vidole, ndipo akanigeukia.

"Weye ni mwerevu sana," akasema. "Umesoma. Una gari. Mwaka mzima wanangoja minye niogope pombe yangu, hawakuona. Leo weye umewaonyesha."

"Nilitaka kukusaidia."

"Nani alikutuma? Koo langu limekufa? Au uliniona mikono haina nguvu?"

"Shangazi, nisamehe."

"Siko na msamaha, niko na mishikaki. Nirudishe nyumbani."

Nilikaa nikimtazama yule mchoma nyama akipepea makaa. Nilijua nikimrudisha, imekwisha. Angepanda kilima na bidoni yake imejaa, watu wakiona, na kesho yake angefunga vitu vyake. Nilimwambia gari ni langu, na limeelekea Uvira. Nilimwambia pia kwamba mimi ni mpumbavu, hilo tumekubaliana, lakini mjane si mimi, na hakuna sababu mjane akose kuulizwa kwa ajili ya upumbavu wangu. Kama anataka kurudi, atembee. Sikuwahi kumjibu hivyo tangu nizaliwe. Wateja wawili wakaacha kutafuna.

Shangazi alinyanyuka. Akachukua mshikaki wangu ambao sikuwa nimeugusa, akaufunga kwenye karatasi.

"Tutakwenda," akasema. "Lakini huko usimimine, usionje, usiseme jina langu. Ukae tu kama kiti."

"Nitakaa."

"Kiti hakijibu."

Sikujibu.

Tulifika Kavimvira jua likiwa bado kali. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa imejaa wanawake na mafurushi, wabadilisha pesa chini ya miavuli, mapikipiki yakitafuta njia. Nyumba ya kaka wa mjane iko nyuma kidogo, ya matofali, na mbele yake kuna meza ya ndagala wakavu. Mjane mwenyewe ndiye aliyekuwa ameketi pale, mwanamke wa umri wangu, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Alimwona shangazi akishuka garini na bidoni. Hakusimama. Alichukua kitambaa akafunika ndagala zake, taratibu, kisha akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.

Tuliingia. Alitupa viti. Akatuletea maji ya kunawa, na sahani ya ugali wa muhogo na ndagala, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Shangazi alikula tonge moja, akashukuru. Mimi nilikuwa kiti.

"Umechelewa," mjane akasema.

"Niliogopa," shangazi akasema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake.

"Nilikungoja wakati wa matanga. Wote walikuja. Weye hukuja."

"Walisema nisije. Walisema nikija weye utazimia."

"Nani alisema?"

Shangazi akataja watu. Mjane akafyonza meno, akatazama nje. Mtoto wa jirani alikuwa analia mahali fulani, redio inaongea Kirundi. Nilitaka kusema, nilikuwa na maneno mengi mazuri, juu ya ini, juu ya daktari, juu ya mwaka mzima wa mama huyu. Niliyang'ata yote.

Shangazi akafungua bidoni. Akachukua kikombe kimoja cha bati kutoka kwenye mfuko wake, kile anachotumia uani kwake, akamimina, na akaonja. Hakunywa kikombe kizima kama alivyokuwa anawafanyia wale wa kijijini. Alionja kama ilivyo desturi, mkupuo mmoja wa kweli, koo likashuka, akafuta ukingo kwa kiganja, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili.

Mjane hakukipokea mara moja. Alikitazama. Nadhani wote watatu tulikuwa tunamwona mtu yule yule, ameketi, anacheka, kikombe mkononi. Kisha akakichukua, akafumba macho, akanywa.

Uso wake ukakunjamana. Nikashika kiti kwa nguvu. Nilifikiri atatema.

"Mama," akasema, "hii iko mbichi."

Shangazi akamwinamia. "Iko nini?"

"Mbichi. Ndizi hazikulala siku zake za kuiva. Na mutama uliukaanga mbio mbio, inauma kwenye ulimi." Akaonja tena kidogo, akatikisa kichwa. "Mume wangu hii angekurudishia. Angekuambia, mama, kunywa mwenyewe."

Kutajwa kwake kulituchoma wote. Halafu shangazi akasema, taratibu, na sauti inapanda kidogo kidogo, "Angenirudishia? Alinirudishia mara ngapi! Yule bwana alikuwa na mdomo mubaya, Mungu amulaze pema. Alikuwa ananusa, anasema mama leo umeamka vibaya."

"Alikuwa ananisemea hivyo hata kwa ugali."

"Na kesho anarudi!"

"Anarudi," mjane akasema, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Shangazi naye alikuwa analia, lakini kwa hasira, kwa sababu neno mbichi lilikuwa limeingia mahali pake. Mwaka mzima watu walikuwa wameiogopa pombe yake. Hakuna aliyekuwa ameikosoa.

"Mutama sikuukaanga mbio," akasema. "Huo nakataa. Ndizi, sawa. Nilisema ilale tena siku moja. Ni huyu!" Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Anapiga simu kila jioni. Jumamosi ni Jumamosi, Jumamosi ni Jumamosi. Ndizi inajua Jumamosi?"

Mjane akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Dada, weye unapika ndagala. Ya ndizi ungeachia wenyewe."

Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile.

Wakaendelea. Mjane akadai kosa lilianzia shimoni, kwamba shimo la kuivishia ndizi lazima lichomwe moto kwanza, na majani yawe mabichi, si makavu. Shangazi akamuuliza yeye alianza lini kuchimba mashimo. Mjane akasema kwao walikuwa wanakamua kabla shangazi hajafika kwenye kilima kile. Shangazi akasema ndiyo maana kasiksi ya kwao ilikuwa inawapa watu usingizi. Sauti zilipanda, mama mmoja akachungulia mlangoni kuona nani anapigana, mjane akamwambia aingie, kuna kasiksi mbaya, aje ashuhudie. Shangazi akasema si mbaya, ni changa, kuna tofauti, na akawa anaieleza ile tofauti kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine ameinua bidoni na kukijaza kikombe. Akampa mjane. Mjane akapokea akanywa nusu, akiwa bado anabisha habari ya majani, akampa jirani iliyobaki.

Shangazi hakuwa amekionja kikombe kile. Alisahau, na wao hawakumngoja.